Je, Wajua? Kompyuta Inavyomfunga Mfalme kwa Kufumba na Kufumbua

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji wa Chiungutwa, wa Masasi mjini, wa Newala na wa kila kijiwe ambako drafti huchezwa kwa vizibo vya soda. Leo tunamgeukia binamu wa drafti, yaani sataranji, na programu za kompyuta zinazofumbua fumbo lake tamu kuliko yote: mati. Mati ni pale mfalme anapotishwa, hana chumba cha kukimbilia, hana wa kumkinga, na anayemtisha haliki. Umeshika? Haya, twende!

Walioanza zamani

Je, wajua kwamba mafumbo ya mati yana umri wa zaidi ya miaka 1,000? Huko Baghdad, bingwa As-Suli, aliyefariki karibu mwaka 946, aliacha fumbo moja gumu hivi kwamba lilikaa zaidi ya karne kumi bila jibu. Aliyelifumbua ni Mrusi Yuri Averbakh, katika karne ya 20!

Kuna jingine la kale linaloitwa fumbo la Dilaram. Hadithi yasema bwana mmoja alimweka mkewe, Dilaram, rehani kwenye mchezo, akakaribia kushindwa. Mke akachungulia ubao, akamnong'oneza atoe ngome zake zote mbili zikaliwe, na mume akashinda. Programu ya leo huiona siri ya Dilaram kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Kitabu cha zamani zaidi cha sataranji kilichochapwa ambacho bado kipo ni cha Mhispania Lucena, cha mwaka 1497. Ndani yake mna mafumbo 150. Mwaka mmoja baadaye, 1498, Vasco da Gama akatia nanga Malindi!

Mwaka 1770 mvumbuzi von Kempelen alileta mashine iliyocheza sataranji mbele za watu huko Vienna, na mwaka 1809 ikacheza na Napoleon mwenyewe. Ajabu tupu, sivyo? Hapana: ndani ya sanduku alijificha mtu, fundi wa mchezo, na mshumaa wake!

Mashine ya kweli ilikuja mwaka 1912. Mhispania Leonardo Torres y Quevedo alitengeneza mtambo wa umeme na sumaku uliojua jambo moja tu: kwa mfalme na ngome, kumfunga mfalme aliyebaki peke yake. Ulimfunga kila mara, na hapakuwa na mtu ndani. Ukicheza hatua haramu, uliwasha taa kukuumbua!

Nachingwea ilipokwama, Manchester ilianza

Unaukumbuka Mradi wa Karanga wa Nachingwea, majirani zetu? Waingereza walitangaza kuuacha Januari 1951. Novemba ya mwaka huohuo, mjini Manchester, Dietrich Prinz aliendesha programu ya kwanza duniani iliyofumbua fumbo la mati ya hatua mbili kwenye kompyuta.

Mashine hiyo, Ferranti Mark 1, ilichukua kama dakika 15 kupata jibu la fumbo moja. Dakika 15 kwa hatua mbili tu! Na Prinz alilazimika kuipunguzia kazi: askari hakuruhusiwa kuruka vyumba viwili mwanzoni, wala kugeuka malkia akifika mwisho wa ubao.

Shika hili vizuri maana tutalirudia: programu ya Prinz haikujua tofauti ya mati na sare ya kukwama. Sare ya kukwama ni pale mfalme hatishwi ila hana pa kwenda, na mchezo huishia hapo, hakuna mshindi. Kwa mashine ile, mfalme akikosa pa kwenda ilikuwa furaha tu!

Na mwanahisabati Alan Turing? Yeye na rafiki yake David Champernowne walianza kuandika programu ya sataranji mwaka 1948, wakati hapakuwa na kompyuta ya kuibeba. Mwaka 1952 Turing akageuka kompyuta yeye mwenyewe: akafuata maagizo kwa karatasi na kalamu, hatua moja karibu nusu saa. Programu ikashindwa, lakini imeingia katika historia.

Miaka 60 baadaye, mwaka 2012, programu hiyohiyo ya Turing ilipambanishwa na bingwa Garry Kasparov. Ilidumu hatua 16 tu.

Mwaka 1956, huko Los Alamos, Marekani, kompyuta iliyoitwa MANIAC ilikuwa dhaifu mno kwa ubao mzima. Wataalamu wakaufupisha ubao ukawa wa vyumba 36 na kuwaondoa maaskofu wote! Hata hivyo ikamshinda msichana aliyejifunza mchezo kwa wiki moja tu, na hiyo ikawa mara ya kwanza mashine kumshinda binadamu katika mchezo wa namna hii.

Mwaka 1966 George Baylor na Herbert Simon walileta programu ya kutafuta mati tu, iliyoitwa MATER. Ujanja wake? Kuangalia kwanza hatua zinazomwachia adui majibu machache kuliko zote. Simon baadaye, mwaka 1978, alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi!

Na sisi Tanzania?

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi yake ilikuwa hesabu za mishahara na matumizi, si wafalme na malkia!

Usishangae: mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka huohuo, mjini Stockholm, programu zilishindania ubingwa wa dunia wa sataranji kwa mara ya kwanza. Ikashinda Kaissa ya Wasovieti, michezo minne kwa minne!

Tarehe 11 Mei 1997, kompyuta Deep Blue ilimshinda Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Siku hiyo aliyekaa Ikulu yetu alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilaya hiihii ya Masasi! Mchezo wa mwisho ulikatika kwa hatua 19 tu.

Deep Blue ilikuwa na uzito wa tani 1.4. Ilipitia nafasi milioni 200 kwa sekunde moja. Hesabu mwenyewe: tangu uanze kusoma sentensi hii mpaka uimalize, ingekuwa imevuka bilioni moja!

Na zile kete zenyewe? Mpingo wetu wa kusini ni mzito hivi kwamba ukiutia kwenye ndoo ya maji, unazama. Wachonga vinyago huutumia kuchonga seti za sataranji, na seti moja inataka kete 32.

Hesabu inayotisha

Mchezo ukianza, mweupe ana hatua 20 za kuchagua. Mweusi akijibu, tayari kuna njia 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, njia ni 197,281. Na hao wamecheza mara mbili tu!

Katika njia hizo 197,281, ngapi zimeshaishia kwenye mati? Nane tu! Ni mati fupi kuliko zote duniani, na mshindi huwa mweusi, kwa sababu mweupe kaufungua mlango wa mfalme wake mwenyewe.

Kila upande ukicheza mara tatu, njia zinafika 119,060,324. Mati zilizomo ni 10,828. Watu watatu wa benchi hili wangechoka mapema kabla ya kuzicheza njia hizo zote.

Mwaka 1950 Claude Shannon alikadiria idadi ya michezo ya sataranji inayowezekana: andika 1, kisha fuatisha sifuri 120. Karatasi yako inatosha?

Ubao una vyumba 64. Ngano ya kale yasema mvumbuzi wa mchezo aliomba punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, na kuendelea kuzidisha. Jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615.

Sasa mlipe kwa korosho zetu! Tuseme korosho ghafi 200 hufanya kilo moja, na nchi nzima inavuna tani 300,000 kwa mwaka. Ungemlipa kwa zaidi ya miaka milioni 300, na ghala la ushirika lingekuwa halina kitu muda wote huo!

Namba hiyo ya 64 ina siri nyingine. Kompyuta nyingi za leo hushika namba zenye tarakimu 64 za sifuri na moja, na ubao una vyumba 64. Kwa hiyo programu huuweka ubao mzima katika namba moja: penye askari weka 1, pasipo na askari weka 0. Kaissa ilikuwa inafanya hivyo enzi zile!

Fumbo la hatua ngapi?

Tuseme kila zamu ina hatua 30 za kuchagua. Mati ya hatua mbili ina zamu tatu: wewe, adui, wewe. Hizo ni njia 27,000. Programu inayopitia nafasi milioni moja kwa sekunde humaliza kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Ongeza hatua moja tu, mati ya tatu: njia milioni 24.3, sekunde 24. Ongeza nyingine, mati ya nne: njia bilioni 21.87, saa sita! Mati ya tano? Siku 227 na ushei. Umeona mti wa njia unavyotanuka?

Mbona basi simu yako haikai miezi saba? Kwa sababu programu hukata matawi. Ikiona jibu moja tu la adui linaloharibu hatua fulani, hatua hiyo hutupwa papo hapo, na yaliyobaki chini yake hayaguswi.

László Polgár wa Hungaria, baba wa mabingwa watatu wa kike, alitoa kitabu chenye mafumbo na michezo 5,334. Mafumbo ya mati ya hatua mbili peke yake ni 3,412! Mashine ya Prinz, kwa dakika 15 kila moja, ingeyafumbua yote kwa siku 35 usiku na mchana. Programu yetu ile ya milioni moja kwa sekunde haifiki dakika mbili.

Na leo? Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ina mafumbo zaidi ya milioni 5. Hakuna aliyekaa akayatunga: programu Stockfish ilichambua michezo ya watu wa kawaida na kuchomoa humo nafasi tamu. Yote ni bure!

Stockfish nayo ni bure. Ukishaipakua kwenye simu, inafumbua mafumbo bila bando. Hata mtandao ukikatika, mati inapatikana!

Mwisho ndio mwanzo

Hili litakushangaza: kuna programu zinazoanzia mwisho. Huorodhesha mati zote zinazowezekana kwa kete chache, kisha hurudi nyuma hatua moja moja mpaka zijue hatima ya kila nafasi. Hazikisii kitu. Zinajua.

Kwa malkia na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, mati haizidi hatua 10. Kwa ngome, 16. Kwa maaskofu wawili, 19. Kwa askofu na farasi? 33, na mafundi wengi hutoka jasho hapo.

Farasi wawili na mfalme hawawezi kumlazimisha mfalme mpweke aingie mati. Lakini mwongezee adui askari mmoja, na mara nyingine anafungika! Askari wake mwenyewe humpa hatua ya kucheza pale ambapo angekwama na kuokoka kwa sare. Kazi hiyo yaweza kufika hatua 115.

Mwaka 1978 Ken Thompson alimwalika Walter Browne, bingwa wa Marekani, amfunge kompyuta kwa malkia dhidi ya ngome. Vitabu vilisema ni rahisi. Mara ya kwanza Browne alishindwa kumaliza ndani ya hatua 50, na mara ya pili akaponea hatua ya 50 yenyewe!

Thompson huyohuyo ndiye mmoja wa waliobuni Unix, na simu za Android zinaendeshwa na Linux, iliyojengwa kwa mfano wa Unix. Kumbe mfuko wako una ujamaa na sataranji usioujua!

Tangu mwaka 1851 vitabu viliamini kwamba maaskofu wawili hawawezi kumshinda farasi aliyejipanga vizuri. Mwaka 1983 kompyuta ya Thompson ikasema: wanaweza, ila yaweza kuchukua hatua 66. Miaka 132 ya imani ikafutwa!

Mwaka 2012 kompyuta kubwa ya Moscow iitwayo Lomonosov ilimaliza nafasi zote za kete saba. Humo ikapatikana mati ya kushangaza ulimwengu: hatua 549! Sheria zinakubali sare ukipita hatua 50 bila kula kete wala kusogeza askari, kwa hiyo mezani mati hiyo ingekufa njiani.

Nafasi za kete saba ni ngapi? Zaidi ya trilioni 423! Hazina ya Lomonosov ilijaza terabaiti 140. Mwaka 2018 mfumo wa Syzygy ukazibana hadi kama terabaiti 18.4, yaani zingetosha kwenye simu 288 zenye nafasi ya gigabaiti 64.

Programu ndogo, simu kubwa

Mwaka 1982 David Horne aliandika programu ya sataranji yenye baiti 672 tu. Meseji moja ya simu hubeba baiti 140. Programu nzima, pamoja na akili zake, ingeingia katika meseji tano!

Rekodi hiyo ilidumu miaka 33. Mwaka 2015 ikaja programu ya baiti 487: meseji nne zatosha!

Mwaka 2009, mjini Buenos Aires, simu ya mkononi yenye programu ya Pocket Fritz iliingia mashindano ya watu. Ikapata pointi 9.5 kati ya 10. Ilipitia nafasi zisizofika 20,000 kwa sekunde, wakati Deep Blue ilipitia milioni 200!

Mwaka 2017 ikaja AlphaZero. Ilipewa sheria za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake, na baada ya saa nne ikaipita Stockfish ya wakati huo. Ilipitia nafasi kama 80,000 kwa sekunde, mwenzake milioni 70. Kumbe si wingi tu!

Watungaji wana vituko

Unaiona transfoma pale kwenye nguzo ya umeme? Mmoja wa wahandisi watatu walioibuni kwa umbo lake la kisasa mwaka 1885 ni Ottó Bláthy wa Hungaria. Starehe yake ilikuwa kutunga mafumbo marefu ya mati, mengine ya hatua zaidi ya 100!

Mmarekani Sam Loyd alimwambia rafiki yake: taja kete ambayo haiwezi kabisa kutoa mati katika fumbo hili. Rafiki akataja askari mmoja mnyonge wa pembeni, na chakula cha jioni kikawekwa rehani. Ni askari huyohuyo aliyetoa mati, hatua ya tano! Fumbo hilo lilichapishwa mwaka 1861, na simu yako hulimaliza papo hapo.

Kuna mafumbo ambayo pande zote mbili zinasaidiana ili mweusi afungwe. Mengine yanakutaka umlazimishe adui akufunge wewe! Ipo programu ya bure, Popeye, inayoyafumbua yote hayo, hata ukibuni kete za ajabu zisizo kwenye ubao wa kawaida.

Mwaka 1987, mjini Brussels, James Plaskett aliwaonyesha mabingwa fumbo moja lililotungwa na Mholanzi Gijs van Breukelen. Mabingwa wakakuna vichwa. Mmoja wao, Mikhail Tal, akaenda kutembea bustanini, akarudi na jibu!

Je, mashine inadanganyika? Ndiyo! Mwaka 2017 taasisi ya mwanasayansi Roger Penrose ilitoa nafasi ambayo mweusi ana maaskofu watatu na kete kibao. Programu zilipiga kelele kwamba mweusi anashinda. Mtu anayetazama vizuri anaona mara moja: mweupe atembeze mfalme wake tu, ni sare!

Drafti na bao hazikuachwa

Ewe bingwa wa vizibo, hili ni lako. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Kanada alitangaza kwamba drafti ya Kiingereza, ile ambayo kingi hutembea chumba kimoja kimoja, imefumbuliwa yote. Jibu? Wote wawili wasipokosea, ni sare! Kazi ilianza mwaka 1989.

Kabla ya hapo programu yake, Chinook, ilikutana na bingwa wa drafti Marion Tinsley. Tinsley alishindwa michezo saba tu katika miaka 45! Kingi yetu ya vijiweni inayokimbia mbali ni mchezo mwingine kabisa, kwa hiyo Chinook haikuhukumu ugomvi wenu wa jana.

Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal walimaliza awari, ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi. Kompyuta zilipitia nafasi 889,063,398,406 kwa saa 51. Jibu nalo: sare.

Bao letu la kete? Lina mashimo 32 na kete 64, zilezile 64! Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa bao Zanzibar, akawaandikia kitabu kizima mwaka 1995. Mwaka 2002 wataalamu wa Maastricht waliandika programu ya bao na kukadiria hali zake: 1 ikifuatwa na sifuri 25. Bado mafundi wetu wanazisoma kwa macho tu!

Majirani wanaotamba

Phiona Mutesi wa Katwe, Uganda, alianza sataranji akiwa mtoto aliyefuata uji kwenye darasa la Robert Katende. Mwaka 2012 alipata cheo cha kimataifa, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu.

Amon Simutowe wa Zambia alitunukiwa cheo cha Grandmaster mwaka 2009. Ndiye wa kwanza kusini mwa Sahara kukipata! Mnigeria Tunde Onakoya alicheza saa 60 mfululizo mjini New York mwezi Aprili 2024. Kompyuta haichoki, lakini kumbe na mtu naye ana pumzi!

Zamu yako

Sasa chora ubao wako wa drafti chini hapo, uchukue vizibo vitatu. Safu za wima ziite a mpaka h kutoka kushoto, na mistari 1 mpaka 8 kuanzia upande wako. Mfalme mweusi weka h8, kwenye kona ya juu kulia. Mfalme wako mweupe weka f6, na ngome yako, iendayo wima au mlalo, weka g1. Ni kete zilezile za mtambo wa mwaka 1912!

Cheza wewe, mfunge kwa hatua mbili. Una hatua 21 za kuchagua, na moja tu ndiyo sahihi. Usiharakishe kupeleka ngome g7: mfalme atakwama bila kutishwa, sare! Hapo ndipo programu ya Prinz ingeshangilia bure.

Umeshindwa? Peleka mfalme wako f7. Mweusi hana jingine ila h7. Peleka ngome h1: mati! Simu yako inalijua jibu hili kwa muda usiopimika, kwa hiyo usiiulize kwanza. Mwekee jirani yako vizibo hivi vitatu, umpe dakika tano, na asipoweza, soda ni juu yake.